Maneno Aliyoyameza Kasuku

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kasuku alikuwa na kazi ya kusoma, na si kusoma kwa darasani. Alisimama kwenye korido ya ghorofa yao, begi mgongoni na kipande cha mkate mkononi, majirani wakamletea karatasi zao. Huyu ana barua ya ofisi ya wageni, yule ana tangazo la kukatwa maji, mwingine ameitwa kuhojiwa na hajui kama ni mwezi huu au ujao.

Watu wa ghorofa ile walikuwa wametoka mbali, kila nyumba kwa njia yake, na wote walikuwa wanangoja kitu kimoja: ukaazi. Wakubwa hawakuwa wameizoea lugha ya ofisini. Watoto waliipata shuleni upesi, kama wanavyopata mafua. Na katika watoto wote, hakuna aliyeishika kama binti wa chumba cha mwisho, wa miaka kumi na miwili. Alilisikia neno upande huu, akalitoa upande wa pili likiwa zima. Ndiyo maana wakamwita Kasuku, jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu.

"Wanasemaje, wananifukuza?" babu fundi viatu alimwuliza asubuhi moja, akimpa barua.

"Hapana, babu. Wanasema kwenye picha umetabasamu, na hairuhusiwi. Upige nyingine."

"Basi safari hii watanipata nimenuna mpaka mashine iogope."

Chumbani kwa kina Kasuku, nyuma ya mlango, kulikuwa na msumari, na kwenye msumari ulining'inia mfuko wa plastiki wenye zipu. Humo ndimo yalimokuwa maisha yao yote: vyeti, karatasi za muda zenye mihuri, na nakala za fomu ya kodi ya kila mwaka. Mama yake alizoea kusema nyumba ikishika moto, kwanza mfuko, pili mtoto, na baba atajitoa mwenyewe kwa kuwa ana miguu.

Chumba cha jirani walikaa Kidoti na mama yake. Kidoti alikuwa rika lake, mwenye alama ndogo nyeusi shavuni, na ndiyo iliyompa jina. Mama zao walifanya kazi mahali pamoja, kwenye dobi kubwa la kufua shuka za hoteli. Mama Kasuku alikuwa kwenye masinki, kwenye maji ya moto na dawa ya madoa. Mama Kidoti alikuwa kwenye meza ya kukunja, pakavu.

Siku ya kuchukuliwa alama za vidole, familia hizo mbili zilikwenda pamoja. Mama Kidoti aliweka vidole kwenye kioo, taa ikawaka kijani. Kidoti, kijani. Baba yake Kasuku, msaidizi wa fundi bomba mwenye mikono migumu kama gome la mti, naye kijani. Kasuku, kijani. Mama yake akaweka vyake, taa ikawaka nyekundu. Akavifuta kwa kanga, akaweka tena. Nyekundu.

Afisa alimtazama vidole. Ncha zake zilikuwa laini kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika. Mistari aliyozaliwa nayo ilikuwa imekwenda na maji ya masinki.

"Apumzishe mikono," afisa alisema. "Ikipona, arudi."

Kasuku akatafsiri.

"Mwambie," mama yake akajibu, "mikono hii ikipumzika, na chungu kinapumzika."

Kasuku akatafsiri na hilo. Afisa alitabasamu, lakini sheria haikutabasamu. Faili la familia halisogei mpaka vidole vya wote viwe vimeingia. Faili la kina Kidoti likaenda. La kina Kasuku likabaki pale pale, kama gari lililokwama tope.

Haukupita muda mrefu, Kidoti akaja akiwa amevaa kitambulisho cha hatua ya kwanza ya ukaazi, shingoni kwa kamba, utadhani ni mfanyakazi wa uwanja wa ndege.

"Umeona? Kwenye picha nimetoa macho kama nimebanwa mlango."

"Nimeona," Kasuku alisema bila kutazama.

"Hata hujageuka."

"Nimeona kwa kisogo."

Sasa ngoja niwaeleze kilichokuwa kinamuuma. Mtoto mwenye karatasi ya muda aliruhusiwa kusoma ndani ya maktaba, mpaka kengele ya kufunga ilie. Mwenye kitambulisho aliruhusiwa kuondoka na kitabu. Kasuku alikuwa na hadithi kadhaa alizoziacha katikati, mtu yuko porini au kwenye meza ya upasuaji, na kila aliporudi alikuta kuna mtoto mwingine amekwisha kuondoka nayo. Alikuwa akimalizia hadithi kichwani mwake akiwa kitandani. Na Kidoti, ambaye hajawahi kumaliza hata maandishi ya kwenye pakiti ya chumvi, siku ya kwanza tu aliazima kitabu kinene chenye jalada jekundu linalong'aa. Kilikuwa kitabu cha ufugaji wa samaki.

"Wewe unafuga samaki?" Kasuku aliuliza.

"Sifugi. Lakini kipime kilivyo kizito." Kidoti alimtilia Kasuku mikononi. "Sikiliza, nikuazimie kimoja kwa kitambulisho changu. Sema unachotaka."

"Sitaki vya kuombewa. Nitaazima kwa changu."

"Hata ikiwa ni mwakani?"

Kidoti alisema bila ubaya. Ndivyo alivyokuwa, maneno yalimtoka kama maji kwenye bomba bovu. Lakini yale yalimkaa Kasuku kooni kama mwiba.

Wivu haubishi hodi. Siku unapougundua, umekwisha kuvua viatu na kukaa. Tangu siku ile Kasuku akawa mtu wa kuhesabu vya wenzake. Akaona kwamba dirisha la kina Kidoti ndilo linalopata jua. Akaona kwamba mama Kidoti anarudi kazini mikono mikavu, wakati mama yake anarudi amekunja vidole kama anayeficha kitu. Hata chai yao, akipita mlangoni, ilinukia kuliko ya kwao, na ilikuwa majani yale yale kutoka duka lile lile.

"Jicho lako siku hizi halikai nyumbani," mama yake alimwambia. "Wivu ni kidonda, mwanangu. Ukishiriki utakonda."

"Sina wivu," alijibu, na alikuwa amekonda.

Mwanzoni mwa mwezi ukafika wakati wa kupeleka fomu za kodi. Mama Kidoti akabisha mlango, amejifunga kitambaa chake kizuri. Angeweza kwenda na binti yake, lakini lugha ya ofisini ilimpitia Kidoti sikio hili ikatokea lile.

"Naomba ulimi wako jioni hii, Kasuku," alisema. "Nitaurudisha salama."

"Nenda na mama yako mdogo," mama alimhimiza. "Mtu anayengoja ukaazi hana ukoo wa kumsemea huku. Kodi ndiyo inayomsemea. Sikiliza kila neno."

Ofisi ya kodi ilijaa watu wenye mifuko ya plastiki kama wa kwao. Foleni ilisogea kwa unyayo. Walipofika dirisha la tatu, walimkuta karani wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Aliipitia fomu polepole, akagonga mhuri. Kisha akainua macho, akamwangalia Kasuku.

"Fomu yake ni safi," alisema. "Sasa mweleze vizuri jambo la pili. Miaka yote amelipa kwa namba ya muda. Sasa ana kitambulisho, na lazima namba ile iunganishwe nacho kwa dole gumba lake. Mashine yetu leo ni mbovu. Arudi kabla mwezi haujaisha. Asiporudi, kodi yote aliyolipa itabaki kwenye namba isiyo na mwenyewe, na ofisi ya ukaazi itaona kama hajawahi kulipa. Faili lake litarudi mwanzo."

Kitambulisho cha mama Kidoti kilikuwa pale juu ya meza, kinang'aa chini ya taa. Mama Kidoti alikuwa akikipapasa kwa kidole kimoja, kama mtu anavyompapasa mtoto aliyelala.

"Anasema nini? Mbona amekunja uso?"

Kasuku alifungua mdomo. Maneno yote alikuwa nayo, yamepangika. Akayameza.

"Anasema fomu ni safi. Tumemaliza."

"Maneno yote yale ni hayo tu?"

"Lugha yao ina maneno mengi, mama mdogo."

Karani aliinamia dirisha. "Ameelewa?"

"Ameelewa," Kasuku alisema.

Njiani mama Kidoti alimshika mkono. "Mungu akuweke. Bila wewe ningekuwa bubu mjini humu." Kasuku alitembea akitazama viatu vyake. Moyoni alijiambia: ni kuchelewa tu, hawatakufa. Na wao wangoje kidogo, waone kungoja kulivyo. Alijiambia hivyo mpaka nyumbani, na usiku akajiambia tena, maana ukweli hujiambii mara mbili, ila uongo hutaka kukumbushwa.

Siku zikaenda. Kasuku akaanza kuona jambo geni: mikono ya mama yake ilikuwa inapona. Mipasuko ilifunga. Jioni mama alipaka mafuta vidoleni na kuviangalia kwenye taa, na vijistari vyembamba vilikuwa vinarudi kama nyasi baada ya mvua.

"Msimamizi amenihamishia meza ya kukunja," mama alisema alipoulizwa.

"Hivi hivi tu?"

"Hivi hivi tu. Kula."

Kasuku akafurahi. Akadhani bahati imeigeukia nyumba yao. Neno lile alilolimeza halikuacha kumrudia, lakini kila lilipopanda alilishusha kwa hesabu yake: wamepata vya kutosha, na sisi tupate.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi alipoteza ufunguo. Alitafuta kila mfuko, akaona hana budi kwenda dobini kuomba wa mama yake. Mle ndani mvuke ulikuwa umejaa mpaka darini, mashine zinatetemeka kama zina homa, matoroli ya shuka yamepangwa ukutani. Alipita kwenye masinki kwanza, kwa mazoea. Aliyekuwa ameinama pale, mikono ndani ya maji mpaka viwikoni, hakuwa mwanamke asiyemjua. Alikitambua kitambaa cha kichwani.

"Mama mdogo? Mbona uko huku?"

Mama Kidoti alijifuta jasho kwa bega. "Nimehamia baharini. Namtafutia Kidoti samaki wake."

"Na glavu?"

"Zile za plastiki? Zinateleza, shuka ikilowa ni nzito kama maiti. Nimeshindana nazo, nikazitupa."

Kasuku alikwenda meza ya kukunja. Mama yake alimwona uso, akajua hakuna cha kuficha tena.

"Ni yeye aliyemwomba msimamizi tubadilishane," mama alisema, akiendelea kukunja. "Aliniambia, vidole vyangu vimekwisha kupita kwenye mashine, vyako vipumzike. Akaniapisha nisikwambie."

"Kwa nini nisiambiwe?"

"Ati utaanza kumsalimia kwa kupiga magoti."

Kasuku alirudi kwenye masinki. Mama Kidoti alikuwa anakamua foronya, na dole gumba lake lilikuwa mbele ya macho ya Kasuku: jekundu, linang'aa, laini kama kokoto ya mtoni. Dole lile ndilo karani alilolitaka, wakati lilipokuwa na mistari. Na Jumatatu ndiyo siku ya mwisho ya mwezi.

Angeweza kuondoka. Ufunguo mama alikuwa amekwisha kumpa. Nani angejua? Karani ana watu wengi, na wakubwa wangesema ni matatizo ya ofisi. Alifika mpaka mlangoni. Pale kwenye mlango akakumbuka mama Kidoti akikipapasa kile kitambulisho kwa kidole, na miguu ikakataa.

"Mama mdogo," alisema aliporudi, "naomba uje kwenye meza. Mama naye asikie."

Akasema yote, jambo la pili lote kama karani alivyolisema, neno kwa neno, maana lilikuwa bado zima tumboni. Mama yake aliiweka chini shuka aliyokuwa nayo. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nilikutuma umpe ulimi," alisema. "Ukampa meno."

Mama Kidoti alikaa kwenye ukingo wa toroli, akaiangalia mikono yake mbele na nyuma.

"Nilikukosea nini, Kasuku?"

"Hukunikosea." Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni. "Kidoti anaazima vitabu na havisomi."

"Kumbe ni samaki," mama Kidoti alisema. Lakini hakucheka, na hakumshika mkono.

Kidoti alipoambiwa jioni, alimfungia Kasuku mlango. Jumapili nzima haukufunguliwa.

Jumatatu walikwenda wote, akina mama wawili na Kasuku, mpaka dirisha la tatu. Mashine ya vidole ilikuwa imetengenezwa. Mama Kidoti aliweka dole gumba. Nyekundu. Akaweka la kushoto. Nyekundu.

"Nilisema arudi kabla ya mwisho wa mwezi," karani alisema. "Si kwamba angoje siku ya mwisho. Kwa nini amechelewa?"

Sasa hapakuwa na mtu mwingine wa kujibu. Kasuku akasema kwa lugha ya ofisini: "Sikumwambia. Ulipouliza kama ameelewa, nilikudanganya. Nilikuwa namwonea wivu. Na mkono wake umeharibika kwa kumsaidia mama yangu."

Karani alivaa miwani yake. Akamwambia maneno makavu.

"Anasemaje?" mama Kidoti aliuliza.

Kasuku alihisi uso wake ukiwaka moto. "Anasema... anasema mimi si mtu wa kuaminiwa. Anasema kwa neno moja nililoacha, mtu angeweza kupoteza kazi ya miaka. Anasema mtu mzima angefanya hivi, angeshtakiwa."

"Umemaliza?"

"Bado. Anasema niwaombe mnisamehe, lakini msilazimike."

Mama Kidoti alitikisa kichwa taratibu. "Sasa mwulize, dole langu litafanywaje?"

Karani alieleza kwa urefu, na Kasuku hakuacha hata kipande. Kwa kuwa mwenye namba amefika mwenyewe kabla ya mwezi kuisha, ataandika kwamba alifika na kwamba mkono una jeraha la kazi. Namba itashikiliwa, haitafungwa. Arudi mistari ikirudi. Kodi yake haitapotea.

Kutoka pale walivuka barabara mpaka ofisi ya wageni, mama yake Kasuku akaweka vidole vyake vilivyopumzika. Kimoja kilibishana na kioo, akakipangusa, akakibonyeza tena. Kijani. Alitazama taa ile mpaka afisa akamwomba apishe wengine.

Jioni baba aliposikia mkasa wote, aliuliza jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. "Kwa hiyo shida ya glavu ni kuteleza?"

"Ndiyo."

"Mbona sisi mafundi bomba tunazo ndefu, zenye kiganja cha kukwaruza? Tunashika mabomba yaliyojaa mafuta. Miaka yote hii mnateseka, mnaniuliza chumvi tu, glavu hamniulizi."

Akaleta jozi mbili. Mama Kasuku akarudi masinkini nazo, kwa hiari yake, na mama Kidoti akarudi kwenye meza pakavu. Kasuku alimpelekea mafuta ya mikono kila jioni. Wiki ya kwanza Kidoti aliyapokea mlangoni bila neno. Ya pili alisema "asante" kwa pua. Baadaye akaacha mlango wazi.

Siku mistari ilipoonekana, mama Kidoti alijifunga tena kitambaa chake kizuri. Akabisha mlango wa chumba cha mwisho.

"Naomba ulimi wako," alisema.

Kasuku alidhani hakusikia vizuri. "Mchukue mtoto mwingine wa ghorofa hii. Wapo wanaojua."

"Simtaki. Nakutaka wewe."

Dirisha la tatu, dole gumba likawekwa, taa ikawaka kijani. Karani akaanza kueleza hatua zinazofuata, na Kasuku akatafsiri kila kitu bila kuruka: namba imeunganishwa, barua itatumwa, nakala itunzwe.

"Na hapo amekohoa," akasema.

Mama Kidoti alicheka mpaka watu wa foleni wakageuka. Nje, kwenye ngazi za ofisi, alikaa kupumzika na kumvuta Kasuku akae kando yake.

"Wivu ulionao si dhambi ya ajabu," alisema. "Hata mimi nilipoona taa ya mama yako ni nyekundu, kipande cha moyo wangu kilisema, afadhali si yangu. Nikaona aibu, ndiyo maana nikaomba kwenda masinkini. Wivu ukija, utafutie kazi ya kufanya. Ukiuacha bila kazi, utajitafutia wenyewe. Na jambo la pili, lishike vizuri." Alimgeuza amtazame. "Wanasema mjumbe hauawi. Ni kweli, hata tukikasirika hatukuui. Lakini mjumbe naye asiue ujumbe. Mtu akikukabidhi maneno ya mwenzake, hayo ni amana. Unayafikisha kama yalivyo, hata kama ni mazuri kwake na machungu kwako."

"Nimesikia, mama mdogo."

"Rudia."

Kasuku alirudia, neno kwa neno.

Walipofika nyumbani, Kidoti alikuwa amekaa sakafuni kwenye korido, kitabu magotini. Hakikuwa cha samaki. Kilikuwa na moja ya zile hadithi za Kasuku, zilizokatika katikati.

"Nimekiazima tangu juzi," alisema, akimsukumia. "Nimesoma ukurasa mmoja, nikalala. Wewe soma, halafu uniambie kilichotokea. Chote, usiruke."

Kasuku akakaa kando yake, akafungua mahali alipokuwa ameachia, akaanza kusoma kwa sauti.